Umenunua Gari Kitale, Deni Limekufuata Hadi Bungoma? Soma Hii Kabla Utume Doo

Piga picha hii. Ni Jumamosi asubuhi na uko Kitale. Umesaka ndai kwa miezi minne, na sasa umesimama mbele ya Probox nyeupe, safi, tairi mpya, injini haina makelele. Mwenyewe ni mzee mpole, shati limepigwa pasi, na anataka 620,000 tu. Kwa yadi uliambiwa 780,000 kwa gari kama hiyo hiyo. Makanika uliyetoka naye Bungoma amefungua boneti, ameskiza injini, kisha amekukonyeza. Iko fiti.

Unauliza, "Logbook je, mzee?"

"Iko kwa wakili, kijana yangu. Wiki ijayo tunafanya transfa."

Huyo mzee ni khocha wa rafiki ya beshte yako, sasa utaanza kumshuku aje? Unatuma 250,000 mara mbili kwa M-Pesa, unahesabu 120,000 mkononi, mnaandikiana karatasi, mnapigwa picha mkisalimiana. Unapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye ukipiga honi kama bwana harusi. Jioni mathe anaiombea gari hapo nyumbani, Kanduyi.

Miezi mitatu baadaye, alfajiri, unaskia watu nje. Wanaume wanne, lori la kuvuta gari, na barua. Jina kwa barua si lako, ni la yule mzee. Lakini namba ya gari ni ile unaosha kila Jumapili.

Hiyo stori nimeiunga mimi, mzee na kijana hawapo. Lakini hakuna kipande chake ambacho ni kigeni kwa mtu yeyote anayejua vile magari huuzwa mkono kwa mkono hapa kwetu. Na swali ambalo kila msee aliyechomeka huuliza ni moja: "Mimi sikukopa kitu. Wananichukulia gari kwa nini?"

Jibu ni fupi na ni chungu. Kwa sheria ya Kenya, deni lililoandikishwa juu ya gari linatembea na gari. Ukiuziwa gari yenye deni, umeuziwa na hilo deni.

Kwanza, mkopo wa logbook unafanyaje kazi?

Mtu ana gari na anataka chapaa ya haraka. Anaenda kwa kampuni ya mikopo, gari inakaguliwa, anapewa sehemu ya bei yake, na riba inaanza kuhesabiwa, mara nyingi kwa mwezi. Hapo ndipo utamu wa huo mkopo uko: gari haibaki kwa kampuni. Anaendelea kuiendesha, anaenda nayo sokoni, kanisani, hata Kapenguria.

Kampuni nayo inajilinda. Inashika logbook. Mara nyingi inaweka traka ndani ya gari, mahali hata makanika wako hawezi kuona kwa haraka. Benki, kwa kawaida, huandikisha jina lake pamoja na la mwenye gari kwa rekodi za NTSA, wanakuwa wamiliki wawili. Na wakopeshaji wengi huandikisha haki yao kwenye rejista nyingine, ambayo wasee wengi mtaani hawajawahi kuiskia. Hiyo nitaifikia.

Kwa hivyo ile gari unayoiona imeegeshwa kando ya barabara, na mwenyewe ako na funguo mkononi, inaweza kuwa ni yake nusu tu. Kuwa na funguo si kuwa na gari. Na kuwa na logbook mkononi pia si dhamana tosha, kwa sababu kuna wajanja ambao huripoti logbook imepotea, wanaenda kwa karao kupata abstract, wanaomba nyingine, na kumbe ile ya kwanza imelala kwa kabati ya mkopeshaji.

Sheria inasema nini?

Mwaka wa 2017 Kenya ilipitisha Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika, ambayo watu wa mikopo huiita MPSRA. Lengo lilikuwa zuri: mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye hana title ya shamba aweze kukopa kwa kutumia gari, mashine, ng'ombe, hata mazao. Ili mkopeshaji asiogope, sheria hiyo ilianzisha rejista ya mtandaoni chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, yaani BRS. Mkopeshaji akishaandikisha haki yake hapo, ulimwengu mzima unahesabiwa umejulishwa. Hata wewe, mkulima wa Kimilili ambaye hujawahi kufungua hiyo tovuti.

Na mtu akinunua mali ambayo haki yake imeandikishwa, anainunua ikiwa na mzigo wake. Iko kinga moja kwa mnunuzi: ukinunua kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuza bidhaa hiyo, na hukujua kwamba anavunja makubaliano na mkopeshaji wake, unaweza kuichukua ikiwa safi. Lakini yule mzee wa Kitale si muuza magari. Ni mtu binafsi anauza gari yake moja. Hiyo kinga haikuhusu.

Hebu ona vile wengine wamefanya. Uingereza kuna sheria ya tangu 1964 ambayo humlinda mtu binafsi aliyenunua kwa nia safi gari iliyokuwa bado kwenye hire purchase bila kujua. Yeye anabaki na gari, mkopeshaji anamfuata aliyeuza. Sisi tulienda njia nyingine: tuliweka rejista wazi, tukasema kila mtu aangalie mwenyewe. Hukuangalia? Hasara ni yako.

Kwa makaratasi hiyo ni sawa. Shida ni kwamba njia hii inafanya kazi tu kama wanunuzi wanajua rejista iko. Uliza base yoyote ya makanika kutoka Kitale hadi Bungoma. NTSA watakwambia. BRS watakuuliza kama ni matatu mpya.

Kwa nini hii barabara yetu iko na hatari yake

Usifikirie kila muuzaji ni mkora. Wengine wako hivyo, ndio. Kuna wale hukodisha gari ya mtu, wanatengeneza karatasi feki na kukuuzia. Huyo ni mwizi, tumalizane naye hapo.

Lakini yule wa kukuchoma vizuri zaidi ni mtu mzuri aliyebanwa. Fikiria kalenda ya Trans Nzoia. Januari ni karo. Machi na Aprili ni kulima, mbegu na mbolea, na mahindi hayavunwi hadi kuanzia Oktoba. Huo katikati ni muda mrefu bila doo, lakini mkopo wa logbook hautaki kujua mahindi yako yamefika kiunoni ama magotini. Unadai kila mwezi. Bungoma ni vile vile kwa mkulima wa miwa anayengoja malipo ambayo yanaweza kuchelewa.

Sasa mzee amekosa miezi miwili. Simu za mkopeshaji zinaingia asubuhi na jioni. Anafikiria, "Wacha niuze gari mbio, nilipe deni, nibaki na kitu." Hawezi kwenda kwa yadi, kwa sababu yadi inaweza kufanya sachi na kumshika. Anatafuta mtu binafsi. Anapunguza bei kidogo ndio iende haraka. Moyoni anaapa kwamba pesa ikiingia tu, anamaliza deni.

Pesa inaingia. Mtoto ametumwa nyumbani kwa karo. Kuna mazishi. Kuna yule jirani anamdai. Wiki mbili, deni halijalipwa, pesa imekwisha, na simu yake imeanza kuwa mteja. Hakuamka akitaka kukuibia. Lakini wewe umepoteza 620,000 vile vile.

Ndio maana zile dalili ambazo sisi huziona kama baraka, bei ya chini na mzee mwenye haraka, zinafaa kukufanya usimame. Na ndio maana ile sentensi ya "namjua, ni mtu wetu" si usalama. Kumjua mtu hakukwambii kama ana deni. Deni ni siri ambayo hata bibi ya mtu wakati mwingine hajui.

Maneno matatu ya kuogopa

"Logbook iko kwa wakili." Poa, twende kwa huyo wakili sasa hivi. Kama wakili ni mkopeshaji kwa jina lingine, utajua kabla ya saa sita mchana.

"Transfa tutafanya baadaye." Hapana. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mtu ambaye jina lake liko kwa rekodi ndiye huhesabiwa mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Sheria hiyo hiyo haikuruhusu kuendesha gari uliyouziwa zaidi ya siku 14 kabla iandikishwe kwa jina lako. Yaani kila siku unayokaa bila transfa, karatasi zinasema gari ni ya mzee. Na kama gari haina mzigo, transfa haina haja ya kungoja: yeye anaianza kwa akaunti yake ya NTSA kupitia eCitizen, wewe unaikubali kwa yako, unalipa ada.

"Nimebakisha kadeni kadogo tu, ukinipa pesa namaliza." Hapa angalau amesema ukweli, na biashara bado inaweza kufanyika. Lakini si kwa njia anayotaka yeye.

Basi fanya hivi

Kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, hata ile ya kushikilia, fanya sachi mbili. Sio moja.

Ya kwanza ni ya NTSA, kupitia eCitizen. Ni mia kadhaa tu, haifiki hata bei ya tangi la mafuta. Itakuonyesha gari imeandikishwa kwa nani. Ukiona majina mawili, na moja ni la benki au kampuni ya mikopo, stori imeisha hapo hadi huyo wa pili azungumze. Chukua namba ya chesisi na ya injini kwa hiyo ripoti, kisha lala chini ya gari na uzilinganishe kwa macho yako. Usitumie picha aliyokutumia yeye kwa WhatsApp.

Ya pili ni ya rejista ya dhamana ya BRS, ile tumeongelea. Tafuta kwa namba ya kitambulisho cha muuzaji na pia kwa namba ya chesisi. Zote mbili, kwa sababu deni linaweza kuwa la mwenye gari wa zamani, ambaye muuzaji wako mwenyewe alinunua kwake bila kuangalia. Sachi hii ndiyo watu wengi huruka, na ndiyo ingekuokoa. Kama mtandao unakusumbua, nenda cyber, nenda Huduma Centre, ama lipa wakili akufanyie. Pesa ya wakili siku moja si kitu ukilinganisha na gari nzima.

Sachi mbili zikiwa safi, bado muombe kitambulisho na cheti cha PIN ya KRA, na uhakikishe jina linafanana na la NTSA. Kama anauza kwa niaba ya mtu, ongea na huyo mtu uso kwa uso. Mpe makanika kazi ya ziada: aangalie waya za ajabu chini ya dashibodi. Traka ambayo muuzaji hawezi kukueleza ni ya nani ni jibu tosha.

Kama sachi imeonyesha deni na bado unaitaka hiyo gari, usikimbie, lakini badilisha njia ya pesa. Nendeni pamoja hadi kwa ofisi ya mkopeshaji. Aandike barua inayosema deni lote hadi tarehe fulani ni ngapi. Tuseme ni 280,000. Hiyo 280,000 unalipa moja kwa moja kwa akaunti ya mkopeshaji, si kwa simu ya mzee, si kwa simu ya ofisa wa mkopo. Mkopeshaji anaandika barua kwamba amelipwa na ameachilia gari, anaondoa jina lake kwa NTSA kama lilikuwepo, na anaondoa notisi yake kwa BRS. Salio, yaani 340,000, mzee anapata transfa ikishaingia kwa akaunti yako. Ukitaka usalama zaidi, wakili anaishika hiyo pesa katikati.

Mzee akikataa mpango huo, amekuambia kila kitu ulichohitaji kujua. Mshukuru kwa chai, panda matatu, rudi nyumbani na pesa yako.

Na hii si ya magari pekee. Msee wa nduthi, Boxer nyingi ziko barabarani kwa mkopo. Ukiuziwa moja kwa bei ya kutupa na yule anayeuza hana karatasi, wewe pia fanya sachi.

Na kama tayari umechomeka?

Wa kwanza kuja kwa gari ni madalali wa mnada. Usirushe mawe na usifiche gari Lwakhakha. Kuficha kunaweza kukugeuza kutoka mtu aliyekanyagwa hadi mtuhumiwa. Lakini usiachilie funguo kama mtu aliyelala pia. Madalali halali wana leseni na wana barua ya maagizo kutoka kwa mkopeshaji. Omba kuona zote, piga picha, andika hali ya gari na vitu vilivyo ndani, na uchukue nakala. Kama hawana karatasi, piga simu kwa kituo cha polisi.

Siku hiyo hiyo, fika kwa mkopeshaji. Mweleze kwa maandishi kwamba wewe ndiye mnunuzi, ambatisha makubaliano na rekodi za M-Pesa, na uombe hesabu ya deni. Kabla gari iuzwe, deni likilipwa lote pamoja na gharama, gari inaweza kuachiliwa. Wakati mwingine deni ni dogo kuliko hasara ya kupoteza gari, na inakuwa afadhali ulipe halafu umfuate muuzaji. Ikiuzwa kwa mnada kwa bei iliyozidi deni, ile ziada si ya mkopeshaji. Weka dai lako mapema, kwa maandishi.

Kisha mgeukie aliyekuuzia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inachukulia kwamba kila muuzaji ana haki ya kuuza, na kwamba bidhaa haina mzigo wa mtu mwingine ambao hukuambiwa. Amevunja hiyo, una haki ya kumdai. Kama dai lako halizidi milioni 1, Small Claims Court inaweza kulisikiza, na hapo unaweza kujisimamia mwenyewe. Na kama alikudanganya makusudi, hiyo ni jinai ya kupata mali kwa njia ya uongo. Andikisha OB, peleka stakabadhi kwa DCI. Ndio sababu ile karatasi mliyoandikiana, hata kama ilikuwa ya kurarua kwa daftari ya mtoto, usiitupe.

Lakini nikuambie ukweli: kushinda kesi na kupata pesa ni vitu viwili. Mtu aliyeuza gari kwa sababu hana kitu, bado hana kitu.

Serikali nayo ifanye kitu

Desemba 2024 Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya sheria za biashara yaliyoipa Benki Kuu nguvu zaidi juu ya wakopeshaji wasiochukua amana. Hiyo ni poa kwa mwenye kukopa: riba, ada na tabia za wakopeshaji ziangaliwe. Lakini wewe mnunuzi wa tatu, ambaye hukukopa na hukusaini, haikugusi sana.

Kitu ambacho kingekusaidia ni rahisi. NTSA ni ya serikali. BRS ni ya serikali. Wewe unalipa na kuingia kwa eCitizen ile ile. Kwa nini ukiuliza kuhusu gari moja upate majibu mawili kwa ofisi mbili, na ile muhimu zaidi iwe ndiyo hujui iko? Ripoti ya NTSA ingefaa kukuambia hapo hapo: hii gari ina deni, ongea na mkopeshaji huyu. Hadi siku hiyo ifike, ni wewe na simu yako.

Kwa hivyo wikendi hii, kama unapanda kwenda Kitale kuangalia ndai, ama kuna mtu anashuka Bungoma kukuonyesha yake, fanya sachi zote mbili usiku wa kuamkia. Tuma hii kwa yule beshte ambaye tayari amelipa deposit na hajaona logbook. Atakasirika kidogo. Afadhali akukasirikie wewe leo kuliko akutane na lori la kuvuta gari mlangoni alfajiri.